Kila Mtu na Sahani Yake

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 11 Mei 2025

Nadira mdogo wangu,

Mwambie mwalimu wako wa historia afunge kitabu apumzike. Historia yenyewe inakaa Mtongwe, inavaa kandambili, na jina lake ni Rashad bin Bakari. Tangu Wazungu wajue kushika uma hajazaliwa mtu wa kugeuza karamu za watu kama mimi, na hapo bado sijaanza.

Barua yako ameniletea Nduku, matroni wenu, alipokuja kwake Likoni jana. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka. Mara ya pili nikafikiri, na unajua mimi nikifikiri watu huhama. Ati Wazungu, miaka mia tano nyuma, walikuwa wakila kwa vidole katika chombo kimoja, kama sisi kwenye sinia! Ati kiti kilikuwa cha mwenye nyumba, wengine wote ni benchi! Ati mgeni na mwenyeji walilala kitanda kimoja, miguu ya huyu puani mwa yule! Halafu mambo yakageuka, kila mtu akawa na sahani yake, uma wake, kiti chake, na chumba chenye mlango wa kufunga. Ndipo wakatawala dunia. (Hilo la mwisho hukuliandika, nimelimalizia mimi. Mwenye akili hangoji kuambiwa kila kitu.)

Sasa sikiza. Harusi ya dada Jalila imewekwa Jumamosi, tarehe 14 Juni, baada ya Idi. Baba amenikabidhi chakula cha wanaume. Si kupika, kupika kuna wenyewe. Kuandaa. Na bosi wangu Kiponda, ambaye bila mimi hema zake za kukodisha zingekuwa zimesharuka hadi Lunga Lunga, amenunua vyombo vya hoteli moja ya Shelly Beach iliyofungwa. Sahani nyeupe, uma, visu, vitambaa vya meza. Viko stoo, vinaniita kwa jina.

Umeshaelewa? Mtongwe imekula sinia tangu enzi za mababu, na Mtongwe itaacha kupitia mikono hii. Kila mtu na sahani yake. Wanangu wataulizwa darasani, "Nani alileta uma Likoni?" na watoto wote watanyoosha mikono.

Usiseme niliacha shule kidato cha pili. Shule ndiyo iliyoachwa, na haijapona.

Nduguyo mkubwa,
Rashad
Waziri wa Karamu


Bweni la Pili, Kwale
Ijumaa, 16 Mei

Kaka Rashad,

Shikamoo, ingawa hustahili.

Nilikuandikia kisa cha Wazungu ucheke, si uanzishe serikali. Uma haukumpa mtu dunia. Ulipotoka Italia kwenda nchi nyingine, watu waliucheka. Bwana mmoja wa Kiingereza alirudi nao safarini, rafiki zake wakamfanyia mzaha mpaka akajuta. Wahubiri nao walisema Mungu ametupa vidole, uma wa nini? Vizazi vikapita kabla mkulima wa kawaida hajaushika. Wewe unataka kumaliza kwa Jumamosi moja, baina ya adhuhuri na alasiri.

Tena hukusoma mpaka mwisho. Nilikuandikia na habari za mashamba. Vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na malisho ya pamoja, ng'ombe wa huyu na kondoo wa yule, hakuna aliyeuliza. Kisha wenye nguvu wakazungusha ua: hapa pangu, pale pako. Wengine wakatajirika, wengine wakajikuta barabarani na kuku wao. Mwalimu Eddah alipoeleza hayo darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa naiona seng'enge ya Baba.

Miaka miwili sasa, Rashad. Mbuzi wa Ami Mbwana walikula mihogo ya Baba, Baba akapiga seng'enge katikati ya shamba la babu, Ami naye akapanda makonge upande wake ili aonekane amefanya kitu. Ndugu wa tumbo moja hawaamkuani. Bibi analala kwetu na kunde zake ziko kwa Ami, ikabidi azunguke barabara nzima kwenda kuchuma mboga. Harusi hii Bibi ameingojea kwa jambo moja: wanawe wale sinia moja, yaishe.

Mimi sitakuwapo. Tuna mitihani ya majaribio, na mkuu wa shule amekataa kunipa ruhusa hata nilipolia. Nililia vizuri sana, rafiki yangu Purity alinipigia makofi. Kwa hiyo macho yangu ni wewe. Mungu anisaidie.

Usiguse sinia.

Nadira


Mtongwe
Jumapili, 18 Mei

Nadira,

Barua yako ina maneno mengi na imani kidogo. Waliomcheka yule Mwingereza wako wapi leo? Wamekufa. Uma upo.

Nimeanza mafunzo. Mwalimu wangu ni Thoya, aliyekuwa mhudumu wa ile hoteli iliyofungwa. Kazi hana tena, kabaki na suruali nyeusi tu. Anasema mimi ni mwanafunzi bora aliyewahi kumfundisha. Ndiyo, mimi ndiye wa kwanza, lakini bora ni bora. Amenifunza kuleta sahani upande huu na kuiondoa upande ule. Amenifunza pia kwamba mgeni akilaza uma juu ya sahani maana yake amemaliza. Humuulizi, humngoji, unaondoa kama upepo. "Mhudumu mzuri haonekani," asema Thoya. "Mgeni hushtukia tu meza safi."

Palizuka jambo dogo. Kwa Thoya uma ni mkono wa kushoto, kisu kulia. Nilipomwonyesha maalim wetu wa msikitini, alinitazama kama niliyeingia kuswali na viatu vya shamba. Watu wale kwa kushoto? Harusini? Mbele ya wazazi? Nikakata shauri papo hapo: visu vimefutwa kazi, uma ni kulia. Wazungu ilibidi wangoje vizazi, mimi nilirekebisha kabla ya magharibi.

Jana nilimjaribu Baba. Nikamwekea ugali na uma. Ugali uliushinda uma, uma ukapinda, lakini Baba akasema, "Vizuri. Kila mtu na sahani yake. Vizuri sana. Wala usimuulize mtu mwingine." Akaniita mwanangu! Mara ya mwisho aliponiita hivyo nilikuwa na surua.

Kuhusu wazee, usijitie presha. Wanazungumza, ila si wao kwa wao. Juzi Ami alisimama kwake akamwambia beberu wake kwa sauti ya kusikika Dongo Kundu, "We beberu, mwambie mwenye waya mnazi wake unaniangukia." Baba akamgeukia jogoo: "Mjibu." Huo si ugomvi, Nadira. Hayo ni mawasiliano.

Rashad
Waziri wa Karamu na Mambo ya Nje


Kwale
Ijumaa, 23 Mei

Kaka,

Baba amekubali upesi mno. Baba yetu, aliyebishana kiangazi kizima kuhusu kuhamisha banda la kuku, akubali uma kwa mlo mmoja? Fikiri, na wanaotaka kuhama wahame.

Baba anaogopa. Kwenye sinia hawezi kumkwepa Ami, mikono inakutana. Akiwa na sahani yake amejificha kama alivyojificha nyuma ya waya. Unadhani unaleta Ulaya Mtongwe. Baba anakutumia wewe kama nguzo ya seng'enge.

Nenda kwa Bibi. Kaa chini, nyamaza, muulize. Najua hayo ni mambo matatu magumu.

Nadira


Mtongwe
Jumapili, 25 Mei

Mjukuu wangu Nadira,

Assalaam aleikum. Mkono ni wa nduguyo, maneno ni yangu mimi Mwanatabu, na nimemwapisha aandike kama nisemavyo. (Kweli kaniapisha. R.)

Nimemwambia ana kichwa cha dafu, maji tele na nyama hamna. (Hapa sikusikia vizuri. R.) Amesikia sana.

Mwanangu, nilizaa wanaume wawili na niliwalisha chano kimoja, sinia la mti. Mbwana mkubwa, Bakari mdogo. Walikuwa wakipigana asubuhi mpaka ng'ombe wanakimbia. Mchana nikiweka chakula, nyama iko katikati, Mbwana huimega, akaisukuma kwa vidole mpaka upande wa Bakari. Hasemi kitu. Bakari naye akiichukua akaila, basi, yamekwisha, hao wanakwenda kuogelea. Neno "nisamehe" wanaume wa nyumba hii hawalijui. Marehemu babu yenu hakuwa nalo, wao wangelitoa wapi? Lao ni hilo, mkono usogeze na mkono upokee.

Ndiyo maana nataka sinia. Sitaki hotuba, sitaki wazee wa mtaa, sitaki chifu. Nimemwendea Mbwana kwa mguu huu mbovu, nikazunguka barabarani kwa ajili ya ule waya wa baba yenu. Nikamwambia, "Mbwana, njoo ule na nduguyo kabla sijafa." Alikuwa akikama mbuzi. Akakama mpaka mwisho, akanambia, "Nitakuja, mama." Kwa Mbwana hiyo ni khutba.

Huyu anayeandika anasema atawaketisha pamoja, kila mtu na sahani yake, ni mamoja. Nimemwambia si mamoja. Anacheka, nayaona meno. (Ni meno mazuri. R.) Mwandikie wewe, huenda akasikia la karatasi.

Soma kwa bidii, mwanangu. Usisahau kula.

Bibi yako,
Mwanatabu
(Na katibu wake aliyeonewa, R.)


Kwale
Ijumaa, 30 Mei

Rashad,

Nimesoma barua ya Bibi nikalia, na safari hii hapakuwa na wa kunipigia makofi.

Tufanye biashara. Weka sahani zako. Weka uma, weka vitambaa, mvishe Thoya suruali yake nyeusi, mimi sitakucheka tena mpaka Krismasi. Lakini sinia moja. Moja tu! Uiweke mbele ya Baba na Ami, nyama katikati, na usogee mbali. Ulaya nzima haitavunjika kwa sinia moja.

Nijibu ndiyo.

Nadira


Mtongwe
Jumapili, 8 Juni

Idi njema, Nadira, na radhi kwa kuchelewa. Waziri ana shughuli.

Jibu langu ni zuri kuliko ndiyo. Nimewaandalia Baba na Ami MEZA YA HESHIMA. Meza yao peke yao, mbele kabisa, kitambaa cheupe, viti viwili ubavu kwa ubavu hata viwiko vitagusana. Kila mmoja na jina lake limeandikwa kwa karatasi ngumu, mwandiko wangu ule wa kupinda. Nyama yao nitaipakua mwenyewe, mapande makubwa. Nitawahudumia mimi, si Thoya. Hakuna mzee aliyewahi kutukuzwa hivyo upande huu wa feri.

Sasa niweke sinia juu ya kitambaa cheupe? Watu wote wana sahani, hao wawili wachovye siniani kama watoto wa madrasa? Nitakuwa nimewadhalilisha. Bibi ni mtu wa zamani, nampenda, lakini hao watu wakikaa pamoja wakashiba, watapatana. Shibe ndiyo inayopatanisha, chombo ni chombo tu.

Kalale, mitihani inakungoja. Mambo haya niachie mimi.

Rashad
Waziri wa Karamu, Mambo ya Nje na Upatanisho


Kwale
Alhamisi, 12 Juni

Rashad,

Nduku amekubali kuondoka mapema ili barua hii ikufikie Jumamosi asubuhi. Mpe chai.

Chombo si chombo tu. Hebu waza: uko kwenye meza yako nzuri, una sahani yako, wali wako, nyama yako. Utamwangalia jirani kwa nini? Huhitaji chochote chake. Ndivyo Mwalimu Eddah alivyotuambia juu ya wale Wazungu. Walipata usafi, walipata nafasi, kila mtu akawa bwana wa mahali pake, na wakaacha kuhitajiana mezani. Kwao labda ilifaa. Lakini Ami hana njia nyingine ya kusema anachotaka kusema. Ukiondoa sinia umemwondolea ulimi.

Nakuomba. Mimi, Nadira, ambaye sijawahi kukuomba hata peremende.

Sinia moja.

Mdogo wako


Mtongwe
Jumapili, 15 Juni

NADIRA!

Ungekuwapo! Wallahi ungekuwapo ungeliandika jina langu kwenye mtihani hata kama hawakuuliza.

Dada Jalila kaozwa, alikuwa mzuri, kalia kidogo na kacheka sana. Hayo utayasikia kwa wanawake. Mimi nakupa ya hemani.

Fikiria hema mbili za Kiponda, meza nyeupe, sahani zimepangwa kwa kamba, Thoya kasimama kama balozi. Wageni walipoingia walisita mlangoni, wakadhani wamekosea wakaingia mkutano wa kampeni. Mzee mmoja akauliza, "Tunalipa?" Nikawaketisha mmoja mmoja. Maalim alikaa, akautazama uma, akautazama na mbingu, kisha akaniita: "Rashad mwanangu, lete maji ninawe." Akala kwa mkono katika sahani yake, na meza nzima ikamfuata. Hiyo nayo ni hatua. Hata Ulaya wahubiri walichelewa.

Meza za vijana zilitumia uma mpaka mwisho. Pilau iliruka kidogo, sikatai. Bwana harusi alipata punje sikioni. Munga, yule rafiki yake Kiponda wa Rabai, alidhani uma ni zawadi ya harusi, akautia mfukoni akamwombea na mkewe. Mwingine alijikunia mgongo. Kiponda alikuwa akizunguka akihesabu uma kwa midomo, jasho linamtoka, lakini mara tatu nimesikia watu wakimuuliza bei ya kukodi.

Kulikuwa na jambo dogo la wageni. Unajua harusi zetu: unaalika mtaa, unakuja mtaa na majirani wa mtaa. Kwenye sinia huwa unajibana, mtu anasogea, mkono mmoja zaidi unaingia. Sahani haisogei. Sahani zikaisha watu hawajaisha. Nikatangaza zamu. Wale wa zamu ya pili walisimama nyuma ya viti vya wale wa kwanza, wanawapumulia shingoni kama warithi. Hakuna aliyekula polepole, na kwa kazi yangu hiyo ni faida.

Baba na Ami walikaa meza ya heshima. Ami alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Chakula kilikuwa kizuri.

Nimechoka kuandika.

Rashad
Waziri Mkuu


Kwale
Ijumaa, 20 Juni

Waziri Mkuu,

Mistari chungu nzima ya uma wa Munga. Mitatu ya Baba na Ami, na mmoja katika hiyo ni wa pasi ya kanzu.

Najua unapotaka kusema unavyosema, na unaponyamaza unavyonyamaza. Ulipovunja kioo cha Bibi ulitusimulia habari za mpira mpaka tukalala.

Alhamisi tunafunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula, nakuja nyumbani. Niambie kabla sijaingia mlangoni nikamuuliza Bibi mbele ya watu. Walikula pamoja? Ami alisogeza?

Nadira

Mimi Nduku. Bahasha ilifunguka yenyewe kwa mvuke wa chai uliyonipa. Nami naomba kujua, wale wazee walipatana au hawakupatana? Sijalala vizuri tangu Jumapili.


Mtongwe
Jumapili, 22 Juni

Nadira,

Mwambie Nduku asome mpaka mwisho, simfungii.

Nilitaka kuanza na habari za Kiponda. Amepata kazi mbili za sahani, moja mtaa wa Ujamaa, moja Mtongwe hapa hapa kwa watu wa kanisani. Amenipandisha cheo. Thoya naye kaajiriwa. Kwa hiyo siyo kwamba nimeshindwa. Watu wameupenda uma, nenda ukawaulize. Nilitaka karatasi ijae hayo, nimpe Nduku aende zake. Nimeyaandika mara mbili, nimeyachana.

Barua yako ya Alhamisi ilinifika Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajaja. Usije ukadhani ilichelewa. Niliisoma nimesimama kando ya meza ile ile. Nikamsomea Thoya lile la ulimi, tukacheka. Nikasema, mitihani imempanda mtoto wa watu kichwani. Masinia ya Bibi yalikuwa jikoni yameoshwa, moja amelifunika kwa kitambaa chake mwenyewe. Nililiona.

Baba alifika kwanza, akakaa, akavuta kiti chake kidogo upande wa pili. Ami akaingia. Hema zima liliacha kutafuna. Akasalimu watu wote, akakaa kwenye jina lake. Hawakutazamana. Nikawapakulia, nikasimama nyuma kwa adabu, mikono mgongoni kama nilivyofunzwa. Baba anaitazama sahani yake, Ami anaitazama yake. Ungedhani wako kwenye msala wakiswali.

Wakala hivyo, wali unapungua. Nilianza kuona wasiwasi, lakini nikajiambia, shibe bado. Ami alikuwa akitumia uma, ili asiniaibishe nadhani, anauchoma wali kama anayevua. Pande lake la nyama, lile kubwa, hakuwa amelila. Alikula wali wote ulioizunguka nyama ikabaki peke yake.

Kisha akaulaza uma juu ya sahani. Akatia vidole. Akaimega ile nyama mara mbili, polepole, na lile fungu nono lisilo mfupa akaanza kulisukuma. Hakuwa na sinia, Nadira, lakini alilisukuma hivyo hivyo, mpaka ukingo wa sahani, upande wa Baba. Akaliacha pale. Akauondoa mkono akauweka pajani.

Baba aliona. Uso wake sijui nikueleze vipi. Nimemwona akitazama hivyo mara moja tu, siku ile wewe ulipotoka hospitali ukiwa mdogo. Mkono wake wa kulia ukaondoka mezani. Ulikuwa hewani, nakuapia, ulikuwa unakuja.

Na mimi niliona uma umelazwa.

Sikufikiri. Kufikiri huku ninakojisifia, siku hiyo hakukuwepo. Niliona uma umelala juu ya sahani na nilichosikia kichwani ni Thoya, humuulizi, humngoji. Nikaja kama upepo. Niliinyanyua ile sahani katikati ya mikono yao, vizuri sana, hata punje haikuanguka, nikasema, "Ahsante, ami," kwa sauti ya hoteli.

Mkono wa Baba ulirudi.

Ami alinigeukia. Akaniambia mimi, si Baba, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Akanyanyuka akaomba maji, akanawa, akawaaga watu, akashika njia ya barabarani kuzunguka kwenda kwake. Baba hakuamka pale mpaka Kiponda alipokuja kukunja kitambaa.

Sikuelewa hata wakati huo. Nilielewa nilipofika nyuma ya hema kwenye beseni la vyombo na lile fungu la nyama bado liko ukingoni, limekaa vile vile alivyoliweka. Nilitaka kurudi nalo. Kurudi nalo wapi? Nimwambie nini nani? Nilipoinua macho, Bibi alikuwa amesimama penye pazia la upande wa wanawake, amelifungua kiasi cha jicho. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakunitukana. Nilingoja anitukane, Nadira, nilimngoja. Alilitazama lile fungu, akanitazama mimi, akaliachia pazia.

Tangu siku hiyo anakwenda kuchuma kunde na harudi na habari. Ami hamtumi tena beberu. Baba anakula chumbani.

Wewe uliniambia, Bibi aliniambia, na Baba alikuwa tayari, hata Ami alikuwa tayari. Kila mtu alikuwa tayari isipokuwa mimi. Mengine yote niliyokuandikia yalikwenda vizuri. Hili ndilo lililoharibika, na halikuharibiwa na mtu mwingine. Ile sahani niliiondoa mimi.

Rashad